Kasuku wa Silver na Paka wa Crusoe

Mwanafunzi asomaye hadithi ya maharamia kwa mara ya kwanza hana wasaa wa kuuliza maswali. Hadithi humshika mkono ikamvuta: panga zimekwisha kufutwa alani, matanga yamejaa upepo, na hazina imefukiwa kisiwani yangoja mwenye jembe. Maswali huja baadaye, asomapo mara ya pili, na hapo ndipo uhakiki uanzapo. Katika insha hii nakusudia kueleza swali moja dogo nililoulizwa darasani, na jinsi lilivyonilazimisha kukipima upya kitabu nilichokipenda tangu utoto wangu.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Mwaka mmoja tulikuwa tukisoma Kisiwa chenye Hazina, hadithi ya Robert Louis Stevenson iliyofasiriwa kwa Kiswahili tangu zamani za ukoloni. Nilikuwa nikiwaeleza wanachuo habari za John Silver, mpishi mwenye mguu mmoja, na za kasuku wake atuaye begani mwake, na nilikuwa nikimsifu mwandishi kwa kumbuni ndege huyo. Mwanachuo mmoja aliyelelewa Lamu, ambaye babu yake alikuwa nahodha wa jahazi, akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "kasuku nimemwona. Lakini paka yu wapi?"

Wenzake wakacheka, nami nikatabasamu. Yeye hakutahayari. "Babu hakukubali kung'oa nanga bila ya paka chomboni," akaendelea. "Alisema panya wakiachwa huanza na tende, kisha huja kwenye tanga. Merikebu hii ina unga, ina nyama, ina kamba tele, na safari yake ni ya miezi. Nani anayewazuia panya?"

Sikuwa na jibu. Nikasema kwamba swali hilo tutalirudia wiki ijayo, kwani hiyo ndiyo njia ya walimu ya kukimbia. Lakini swali halikunikimbia mimi. Nililichukua nyumbani, nikalichukua maktaba, na kila nilipolifuata lilinifikisha mahali nisipotazamia.

Kwanza nilitaka kujua kama babu wa mwanachuo wangu alisema kweli juu ya vyombo vyote, au juu ya majahazi ya Lamu tu. Jawabu ni kwamba mabaharia wa zamani walimchukua paka kwa sababu ile ile waliyomchukulia seremala: kazi ilikuwako, na wa kuifanya alihitajiwa. Panya huingia merikebuni kwa kupanda kamba, au hupakiwa pamoja na mzigo bila ya mtu kujua. Akisha kuingia huishi ngamani na kuzaa humo. Hula biskuti ngumu zilizokuwa chakula kikuu cha mabaharia wa Ulaya, hutoboa mapipa, hutafuna kamba na nguo za tanga. Mtu aliye bara huweza kuikimbia nyumba yenye panya. Aliye katikati ya bahari hana pa kukimbilia, na tanga likitoboka au maji ya kunywa yakivuja, hasara ni ya roho za watu.

Jambo hili lilifahamika hata likaandikwa katika sheria. Sheria za bahari zilizokusanywa Barcelona, mji wa Hispania, katika Zama za Kati, na kufuatwa na wafanya biashara wa bandari nyingi za Bahari ya Mediterania, zilikuwa na vifungu juu ya panya na paka. Mali ya mfanya biashara ikiharibiwa na panya, na ikaonekana kwamba merikebu haikuwa na paka, mwenye chombo alipaswa kulipa. Lakini ikiwa alikuwa na paka wakati shehena ilipopakiwa, kisha paka hao wakafa njiani, naye akanunua wengine katika bandari ya kwanza alipoweza kuwapata, hakuwa na lawama. Tazama jinsi watunga sheria walivyompa mnyama huyu cheo chake. Hawakumsifu wala hawakumwonea huruma. Walimhesabu kuwa sehemu ya uaminifu wa mwenye chombo kwa mwenye mali.

Basi haramia je? Haramia alikuwa baharia kabla ya kuwa haramia, na panya hawakujali bendera. Tena kwa kawaida haramia hakuunda merikebu, aliiteka. Yule aliyejulikana kwa jina la Blackbeard aliiteka merikebu ya Kifaransa iitwayo La Concorde mwezi wa Novemba 1717, akaipa jina jipya la Queen Anne's Revenge. Atekaye chombo hurithi vyote vilivyomo: baruti, mapipa, panya waliomo ngamani, na paka kama yumo. Jina la merikebu lilibadilika, nahodha alibadilika, lakini kazi ya paka ilikuwa ile ile jana na leo. Naomba msomaji akumbuke kwamba La Concorde ilikuwa merikebu ya kuchukua watumwa. Neno hilo nitalirudia.

Ushahidi ulio bora kuliko yote juu ya paka wa baharini haukutoka merikebuni bali kisiwani. Mwaka 1704 baharia Mskoti aliyeitwa Alexander Selkirk aligombana na nahodha wake, akaachwa peke yake katika kisiwa cha Más a Tierra, mbali na pwani ya Chile. Msafara wake ulikuwa wa watu waliopewa hati na serikali yao kuteka merikebu za adui. Mpaka kati ya watu wa namna hiyo na maharamia ulikuwa mwembamba mno, na William Dampier, mkuu wa msafara huo, alikuwa amepata kuwa haramia mwenyewe. Selkirk alikaa kisiwani peke yake miaka minne na zaidi. Alipochukuliwa mwaka 1709 na merikebu za Woodes Rogers, alisimulia kwamba adui zake wakubwa walikuwa panya, waliomtafuna miguu na nguo alipokuwa amelala. Kisiwani walikuwamo pia paka, wazao wa paka walioshuka katika merikebu zilizokuja kutafuta kuni na maji. Selkirk akawavuta kwa nyama ya mbuzi hata wakawa wakilala wamemzunguka kwa mamia, na panya wakamwacha. Rogers aliyaandika hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1712. Miaka sita baadaye, Rogers huyo huyo alipelekwa kuwa gavana wa visiwa vya Bahamas ili akomeshe uharamia huko. Hivyo habari ya paka waliomwokoa baharia imeandikwa na mtu aliyewajua maharamia vizuri kuliko watungaji wote wa hadithi.

Sasa na tuvirudie vitabu, kwani mimi si mwandishi wa historia bali ni mwalimu wa fasihi. Mwaka 1719 Daniel Defoe alitoa hadithi ya Robinson Crusoe, na aghalabu husemwa kwamba habari za Selkirk zilimpa mbegu yake. Katika hadithi hiyo panya na paka wote wamo, tena wote wana kazi. Crusoe anapotafuta nafaka katika merikebu iliyovunjika, akuta kwamba panya wameila na kuiharibu. Baadaye akung'uta mfuko ambao aona umebaki makapi na vumbi tu, kwa kuwa panya wamekwisha kuumaliza. Na katika vumbi hilo huota shayiri itakayomlisha miaka mingi. Paka wawili awachukua mwenyewe kutoka merikebuni. Mmoja atoweka kisha arudi na watoto. Paka wazaana hata wawa wengi mno, na Crusoe alazimika kuwaua na kuwafukuza. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, lakini hawa walikuwa wamekwisha kuwa wa mwituni. Wale wawili wa kwanza wakifa, awazika kwa mkono wake karibu na makao yake. Na katika nyumba hiyo hiyo yumo kasuku, aliyefundishwa na Crusoe kusema.

Mnyama katika kitabu cha Defoe huleta taabu na msaada kama aletavyo katika maisha. Msomaji huamini kisiwa kile kwa sababu ya vitu vidogo vya namna hiyo. Twaamini upweke wa Crusoe kwa kuwa tumeona meza yake, na paka wawili wameketi huku na huku wakingoja tonge.

Stevenson alianza hadithi yake mwaka 1881 huko Scotland, baada ya kuchora ramani ya kisiwa ili kumfurahisha mwanawe wa kambo, na kitabu kikatoka mwaka 1883. Alikuwa mtu mkweli juu ya kazi yake. Katika makala iliyotoka mwaka 1894 alikiri kwamba kasuku wa Silver hapana shaka alikuwa mali ya Robinson Crusoe. Niliposoma ungamo hilo niliona kwamba swali la mwanachuo wangu limepata jawabu lake. Mtu huyu aliingia katika nyumba ya Crusoe, akawakuta kasuku mmoja na paka wawili. Akamchukua kasuku. Paka akawaacha ufukoni.

Simlaumu kwa upesi, kwani kasuku huyo amefanyiwa kazi ya ustadi. Silver amempa jina la Flint, nahodha wake wa zamani, hivyo kila amwitapo ndege amwita na maiti. Ndege huyo hupiga kelele akilitaja jina la sarafu ya fedha ya Kihispania, ile ambayo wazee wa pwani yetu waliiita reale ya mzinga, na kelele hizo ndizo zinazofichua yaliyomo moyoni mwa maharamia wote. Kitabu kinapokwisha, hazina imegawanywa na safari imekwisha, bado kijana Jim aisikia sauti ya kasuku katika ndoto zake mbaya. Mwandishi aliyeweza kuitia tamaa ya kundi zima katika kinywa cha ndege mmoja ni fundi, na asiyekiri hivyo hajui kusoma.

Tena kasuku huyo ana habari zinazotuhusu sisi wa bahari hii. Silver asema kwamba ndege wake amesafiri na haramia England, amefika Madagascar na Malabar, na alikuwapo ilipotekwa merikebu ya mtawala wa Kireno iliyotoka Goa. Mambo haya Stevenson hakuyabuni yote. Edward England alikuwa haramia wa kweli. Mwezi wa Agosti 1720 watu wake walipigana vita vikali na merikebu ya Kiingereza iitwayo Cassandra katika kisiwa cha Nzwani, kimoja cha visiwa vya Ngazija. Na merikebu ya Kireno, iliyomchukua mtawala aliyekuwa akirudi kwao kutoka Goa, ilitekwa na maharamia mwaka 1721 katika kisiwa ambacho leo huitwa Réunion. Kitabu cha habari za maharamia kilichotolewa London mwaka 1724, ambacho Stevenson alikijua, chasimulia kwamba baada ya vita vya Nzwani mtu mmoja mwenye mguu wa mti na bastola tele mwilini alijitokeza kumtetea nahodha wa Cassandra asiuawe. Msomaji wa Mombasa au Lamu na akumbuke hayo: mguu wa mti uliogonga sitaha haukuwa mbali na kwetu.

Lakini hapa ndipo ninapoanza kutoridhika. Kasuku amezunguka bahari hii yote, na neno alilorudi nalo ni jina la sarafu. Hakuleta jina la mtu, wala la mji, wala la kazi. Stevenson amechagua mnyama asemaye na kumwacha mnyama atendaye, na uchaguzi huo haukuishia kwa wanyama. Safari ya kutoka Uingereza mpaka kisiwani imepitwa upesi upesi. Jim mwenyewe asema kwamba hataisimulia kwa urefu. Juu ya sitaha limewekwa pipa la matufaha, liko wazi kwa kila apendaye, na tofauti na nafaka ya Crusoe, hapana panya anayetajwa karibu nalo. Pipa hilo lahitajiwa ili Jim ajifiche humo na kuisikia njama, na likisha kufanya hivyo halina haja tena. Wazee husema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Merikebu ya Stevenson huenda kwa hamu ya msomaji.

Mtu aweza kuniambia kwamba hadithi si orodha ya shehena, na kwamba mwandishi akiandika kila kilichomo merikebuni hatafika kisiwani. Hayo ni kweli. Kila mwandishi huchagua, na asiyechagua hana sanaa. Kazi ya mhakiki ni kuutazama uchaguzi huo na kuuliza umegharimu nini. Mimi sidai kwamba Kisiwa chenye Hazina kingalikuwa bora lau kungalikuwa na paka ukurasa wa kumi. Nasema kwamba paka aliyekosekana amenionyesha desturi ya kitabu kizima: chenye kung'aa huonyeshwa, chenye kufanya kazi hufichwa. Na nilipoanza kuwatafuta waliofichwa, niliwakuta wengine ambao si paka.

Wa kwanza ni mke wa Silver. Katika barua moja twaambiwa kwamba Silver ana baa mjini Bristol, na kwamba akienda safari mkewe ndiye atakayeisimamia. Twaambiwa kwamba ni mwanamke mweusi. Baadaye twajua kwamba ameuza kila kitu, amechukua fedha zote, na amekwenda kumngoja mumewe mahali palipokubaliwa. Bila yeye Silver hana fedha za akiba wala pa kukimbilia. Hata hivyo hatumwoni hata mara moja, hasemi neno, wala jina hana. Kasuku ana jina. Mwanamke aliyelinda mali yote ya haramia mkuu katika fasihi ya Kiingereza hana.

Wa pili yumo katika kitabu cha Defoe, nami sina budi kumpima Defoe kwa kipimo kile kile. Kabla ya kufika kisiwani Crusoe alitekwa na maharamia wa Sallee, bandari ya Morocco, akafanywa mtumwa. Alitoroka kwa mashua pamoja na kijana aitwaye Xury, aliyemsaidia kwa uaminifu mkubwa. Walipookolewa na nahodha wa Kireno, Crusoe alimwuza Xury kwa nahodha huyo kwa reale 60, kwa ahadi ya kuachwa huru baada ya miaka kumi iwapo atakuwa Mkristo. Sarafu hizo ni za jina lile lile alipigialo kelele kasuku wa Silver. Baadaye Crusoe alijuta, lakini alijuta alipokosa mtu wa kumsaidia shambani. Na safari iliyomvunjia merikebu yake ilikuwa ya kwenda kununua watumwa pwani ya Guinea. Mtu aliyewazika paka wake kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemwuza mwenzake kwa mkono huo huo. Defoe aona kila kitu kidogo na kukiandika kwa uaminifu. Ila hapa macho yameona, moyo haukushtuka.

Wa tatu ni wengi, na habari zao si za kubuni. Katika kitabu kile cha 1724 imo sura ndefu juu ya haramia Bartholomew Roberts. Wasomaji wengi huisifu sura hiyo kwa sababu ya kanuni zilizowekwa merikebuni mwake: kila mtu ana kura katika mambo makubwa, kila mtu ana haki sawa ya chakula kipya, taa huzimwa saa mbili za usiku, aliyepoteza kiungo vitani hulipwa fidia, na wapiga muziki hupumzika siku ya Sabato. Si vigumu kuelewa kwa nini mabaharia walivutwa na kanuni hizo. Katika merikebu nyingi za wakati ule nahodha aliwapiga watu apendavyo. Tena mabaharia wa Kiingereza walikuwa na mjeledi wa mikia tisa ambao, kwa mzaha mchungu, waliupa jina la paka. Aliyepigwa na paka huyo alikuwa na sababu ya kumchukia nahodha wake.

Lakini mwezi wa Januari 1722 Roberts alifika Whydah, katika nchi ambayo leo ni Benin, akazikuta merikebu za watumwa bandarini, akazitoza fidia ya dhahabu. Nahodha wa merikebu iitwayo Porcupine akakataa kulipa. Maharamia wakaamua kuichoma. Ndani yake walikuwamo watu 80, wamefungwa pingu wawili wawili. Kitabu chasema kwamba kuwafungua kuliwachukua maharamia muda na taabu nyingi, nao walikuwa na haraka. Basi wakaitia moto merikebu pamoja na watu waliomo. Waliobaki waliungua, na waliojitupa majini waliliwa na papa. Wiki chache baadaye, tarehe 10 Februari 1722, Roberts aliuawa katika vita karibu na Cape Lopez, pwani ya Gabon. Watu wake wakahukumiwa katika ngome ya Cape Coast, iliyo katika Ghana ya leo, na 52 kati yao wakanyongwa. Waafrika waliokutwa katika merikebu zake wakauzwa utumwani. Hakimu na haramia hawakukubaliana juu ya jambo lolote ila hilo moja, kwamba watu wale walikuwa mali.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimeanza kumtafuta paka, nikafika kwenye pingu. Tena niliona kwamba njia niliyoifuata haikuwa ya bahati tu. Auliziaye chakula cha merikebu kimelindwa na nani, atauliza pia merikebu yenyewe ilitoka wapi, na ngamani mlipakiwa nini kabla ya haramia kuiteka. La Concorde niliyoitaja juu ilikuwa ya watumwa. Whydah, iliyotekwa na haramia Samuel Bellamy mwaka 1717, ilikuwa ya watumwa, nayo ilipewa jina la bandari ile ile ilipochomwa Porcupine. Huwezi kuijua sitaha ya haramia usipoijua ngama yake.

Haki yanitaka niseme neno moja zaidi kwa ajili ya Stevenson. Karibu na mwisho, Jim aionapo hazina imerundikwa pangoni, ajiuliza imegharimu damu na huzuni kiasi gani, merikebu ngapi zimezamishwa, na uongo na ukatili kiasi gani umetendwa. Hayo ni maneno ya mwandishi mwenye dhamiri, na mwalimu yeyote afundishaye kitabu hiki hana budi kulisimamisha darasa hapo. Ila swali hilo laulizwa mara moja, kisha laachwa. Siku zifuatazo Jim ashughulika kuzipanga sarafu, akizifurahia sura zake na wingi wake. Mlango umefunguliwa ukafungwa, nasi twabaki nje pamoja na kasuku.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani nikamweleza mwanachuo wangu yote niliyoyapata. Darasa halikucheka. Mmoja wao akauliza kama yafaa basi tuendelee kuwasomesha watoto wetu vitabu vya namna hii, au tuviache. Ni swali zito, kwani wale waliokuwa mbele yangu walikuwa walimu watarajiwa, na jawabu langu lingefika katika madarasa nisiyoyajua.

Nilisema tusiviache. Kitabu kilichoandikwa kwa ustadi hufundisha ustadi, na kijana aliyekosa raha ya kusoma hatavisoma hata vile tunavyoviona vyema. Lakini asomeshwe mara mbili. Mara ya kwanza aachwe aende na upepo, na asikatizwe. Mara ya pili aambiwe ashuke ngamani na taa, atazame ni nani anayefanya kazi humo bila ya kutajwa. Aanze na paka, kwa sababu paka hana ugomvi na mtu na swali lake halimtishi mtoto. Mengine yatamjia yenyewe.

Yule mwanachuo wa Lamu sasa ni mwalimu. Amenieleza kwamba alipokisoma kitabu hiki na kidato chake cha kwanza, aliwaagiza wanafunzi waandike ukurasa mmoja ambao Stevenson hakuuandika. Wengi waliandika juu ya hazina iliyosalia kisiwani. Mmoja aliandika barua ya mke wa Silver, na katika mstari wa kwanza kabisa mwanamke huyo alitaja jina lake.